Kilusia

Celestin aliitunga lugha ile kwa vitu vitatu tu: ka, ki, na mkono wa kushoto wa mkewe. Hakuwa na kingine cha kutungia. Kiharusi kilimkuta Lusia anapepeta mpunga uani kwake Usevya, kikamlaza juu ya turubai, na alipookotwa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yamekwenda. Kiswahili kilikwenda, Kipimbwe cha mama yake kilikwenda, hata jina la mwanaye Elias lilikwenda. Ulimi ulirudi na sauti mbili. Ka. Ki. Mtu asiyemjua angepita nje ya ua akadhani kuna anayefukuza kuku.

Celestin alikuwa ndiyo kwanza amerudi kwake kukaa. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee aliumalizia njiani. Amepasua mbao Mishamo, amechimba dhahabu kwenye vilima vya Mpanda, amepakia tumbaku kwenye mabehewa, amelinda ghala la chumvi Uvinza. Shule aliisoma vipande vipande, darasa hili huku, darasa lile kule, lakini kila alikolala aliondoka na lugha. Kikonongo alinyonya nacho. Kibende alikipata kwa marafiki, Kifipa sokoni, Kirundi makambini, Kisukuma kwenye minada ya ng'ombe. Alikuwa anasema lugha haina mlango. Unaingia tu, unawakuta watu wanakula, unanawa.

Kwa hiyo mke wake alipobaki na sauti mbili, Celestin hakukata tamaa kama wengine. Alikata kucha, akanawa, akakaa karibu na kitanda kama fundi anayeangalia mbao alizoletewa.

"Lugha ni nini?" alimwambia Gaudensia, mdogo wake Lusia, aliyekuwa anamgeuza mgonjwa. "Ni sauti na mpango. Sauti anazo mbili. Mpango nitauweka mimi."

"Dada yangu anaumwa, shemeji, wewe unaleta mpango."

"Asipokuwa na wa kusema naye atakufa kwa upweke."

"Miaka yote uliyokuwa porini alikuwa anasema na nani?"

Celestin alicheka. Kati ya mtu na mdogo wa mkewe hakuna neno linaloitwa tusi, na yeye alilipokea hivyo. Gaudensia hakucheka sana. Wiki hiyohiyo akaondoka kwenda Sitalike kumlea binti yake aliyejifungua, na Celestin akabaki na mgonjwa wake na kazi yake.

Aliianza kazi kwa mpangilio. Ka fupi ikawa kitu: nipe, lete, kile pale. Kaa ya kuvuta ikawa mtu. Vidole viwili juu ya godoro ni maji, ngumi ni chakula, kiganja kilichofunguka ni kulala. Kitu kinatangulia, tendo linafuata. Jambo lililopita linasemwa mara mbili. Ngeli zote za Kiswahili alizitupa, akabakiza mbili, chenye roho na kisicho na roho, maana aliona nyingine zinazidisha tu. Mambo ya kesho hakuyawekea chochote. Kesho ikifika itajisemea.

Neno ndiyo akalipa ki. Ki ndiyo iliyomtoka Lusia upesi na kwa nguvu, na Celestin aliona ni haki neno la kukubali liwe jepesi mdomoni. Hapana hakuipa sauti. Sauti zenyewe mbili, uipotezee hapana moja ya nini?

"Ukikataa nyamaza," alimwambia mkewe, akimshika kidevu ili macho yakutane. "Umenisikia, mama Elias? Kimya ndiyo hapana yetu."

"Ki," alisema Lusia.

"Safi kabisa."

Lugha ile akaiita Kilusia, na jina lilimfurahisha kuliko majina yote aliyowahi kuwapa watoto. Kila asubuhi baada ya uji aliita darasa. Aliuchukua mkono mzima wa mkewe, akaugongesha vidole viwili kwenye godoro, akasema maji, akaonyesha kikombe, akaugongesha tena. Lusia aliangalia ukuta. Saa nyingine aliangalia mlango, pale ambapo uwanja wake ulionekana kipande, na turubai, na bata wanapita. Akisema ka, Celestin alimletea kikombe. Si hicho? Akamletea kitambaa. Si hicho? Akamletea rozari. Hakuwahi kufika mlangoni.

Ndugu walipokusanyika kuzungumzia mambo ya mbele, Celestin aliwaeleza kwanza kanuni, ki ni nini na kimya ni nini, ili wasije wakasema ameamua peke yake. Kisha akaliinamia sikio la mkewe mbele ya watu wote.

"Mama Elias, nimewaza hivi. Mpanda mjini kuna mazoezi ya viungo. Tuhamie kule, tupange chumba, haya majaruba ya mpunga tuwakodishie watu. Unasemaje?"

"Ki."

"Mmesikia."

"Kii!" Lusia aliinua kichwa kwenye mto. "Kii! Kii!" Mate yalimtoka, machozi yakamshuka kwa upande mmoja wa uso, upande wa pili ukabaki umekaa vilevile kama uso wa mtu mwingine.

"Analia kwa furaha," Celestin aliwatafsiria. Maisha yao yote, hakuwahi kumpendekezea mke wake jambo akakubali kwa nguvu namna ile.

Walipanga chumba mtaa wa Makanyagio, kwa mama mmoja anayeitwa Zena, muuza vitenge, mjane mwenye moyo mwema na mdomo usiofungwa. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Zena alimpenda mgonjwa siku ya kwanza. Alikuwa anapita na bakuli, anamfuta mdomo, anamwita dada.

"Mzee wangu, kwa kweli nakuvulia kilemba," alisema. "Wanaume wengine mke akianguka hivi wanaoa. Wewe umekaa unaongea naye."

"Siongei naye tu, mama Zena. Tunajibizana."

"Haya, muulize kama anaupenda uji wa ulezi na karanga, maana nimewapikia mwingi."

Celestin aliuliza. Alipiga ngumi moja kwenye godoro, akaonyesha uji, akainamisha kichwa upande.

"Ki," alisema Lusia.

Uji wa karanga ukawa ndiyo chakula chake. Asubuhi uji wa karanga, jioni uji wa karanga. Alikuwa anaukubali kila siku, tena siku nyingine kwa kupiga kelele, halafu anautema, na Celestin akasema ni koo hilo, kiharusi kimelibana koo.

Hospitalini walimwonyesha namna ya kumnyoosha mkewe taratibu. Taratibu ile haikumtosha. Akamtafuta mkandaji wa mtaani mwenye mikono kama majembe, anayekanda kwa maji ya moto na majani aliyoyachemsha. Mkandaji aliushika mguu uliokufa akauminya toka pajani, na Lusia akatoa sauti iliyomfanya Zena aache vitenge vyake aje mlangoni.

"Niendelee?" mkandaji aliuliza. Alikuwa mtu mwenye huruma kwa namna yake.

"Mama Elias, aendelee?"

"Kii! Kii! Kii!"

"Endelea. Tena anasema uongeze."

"Mzee wangu," Zena alisema, "mbona mimi namwona kama anakataa?"

"Hujakisoma Kilusia, mama Zena. Angekataa angenyamaza."

Zena akasonya kidogo, si kwa dharau, kwa kushindwa, akarudi kwenye vitenge. Yeye ni nani abishane na mtu juu ya mke wake mwenyewe? Na mkandaji akaendelea, siku baada ya siku, na Lusia akawa anaanza kupiga kelele akisikia tu ndoo inawekwa nje ya mlango. Celestin alimsifu kwa ujasiri. Aliwasimulia wazee wenzake kwenye kahawa jinsi mke wake anavyoyadai mazoezi.

Nywele nazo zilikwenda hivyohivyo. Lusia alikuwa na nywele ndefu ambazo umri haukuzipunguza, alikuwa anazisuka mwenyewe akiwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Kitandani zilijifunga. Celestin akamuuliza kama zinyolewe, akajibiwa, akamwita Zena na mkasi na wembe. Kichwa kilipobaki cheupe Lusia alikipapasa kwa mkono wake wa kushoto, mbele, nyuma, mbele tena, akanyamaza kutwa nzima. Celestin aliona kimya kile, akajiuliza ni hapana ya nini, maana hakuwa amemuuliza kitu.

Lakini kuna jambo moja alilolishika moyoni kuliko yote. Mchana wa joto kali, amekaa mlangoni anashona kandambili, alisikia tap tap nyuma yake. Akageuka. Mkono wa Lusia ulikuwa juu ya godoro, vidole viwili vimenyooka. Tap tap. Ka. Maji, nipe. Kitu kimetangulia, tendo likafuata. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemuuliza. Celestin alimwaga nusu ya kikombe kwa haraka ya kumpelekea, na Lusia akanywa yote, akamwangalia. Mzee yule aliingia uani kwa Zena akalia mbele ya mwanamke wa watu bila kuona haya.

"Amesema," alikuwa anarudia. "Amesema mwenyewe."

Gaudensia alikuja baada ya mavuno, na kiroba cha mchele mpya kichwani, na kuku. Alipomwona dada yake na kile kichwa kilichonyolewa alisimama mlangoni kwanza. Akaweka kiroba chini, akanawa mikono, akaupokea uji kutoka kwa Zena akapanda kitandani, akamwegemeza Lusia kifuani kwake kama mtoto, akaleta kijiko.

"Ki," alisema Lusia.

"Hutaki?" alisema Gaudensia. "Basi." Akakiweka kijiko chini. "Unataka nikuchemshie wali kidogo? Wa kwako, wa Usevya?"

"Ka."

"Haya."

Ilikuwa ni haraka hivyo. Gaudensia alikuwa ameshashuka kitandani anatafuta sufuria kabla Celestin hajaelewa kwamba kuna kitu kimepita mbele yake.

"Shemeji, ngoja. Hapo amesema ndiyo. Anautaka uji."

"Nani kakudanganya?"

"Ki ni ndiyo. Ka ni kitu, anaomba kitu."

"Shemeji Celestin," Gaudensia alisema, sufuria mkononi, "mtu anakusukumia kijiko kwa kidevu, anakwambia sitaki, wewe unasema ndiyo? Hiyo ni ndiyo ya wapi? Ya huko mlikokuwa mnapasua mbao?"

"Ni kanuni. Nimemfundisha."

"Mimi sijafundishwa kanuni. Mimi namsikia dada yangu." Akatoka kwenda jikoni kwa Zena.

Celestin akabaki amesimama. Midomo yake ilianza kucheza yenyewe, bila sauti, kama anayesali. Nataka. Sitaki. Alilirudia. Nataka, mwisho wake ka. Sitaki, mwisho wake ki. Nakula, sili. Naenda, siendi. Nakubali, sikubali, hilo halikufuata. Akajaribu jingine, kwa tamaa. Natoka, sitoki. Naweka, siweki. Kiharusi kilikuwa kimeyakata maneno ya Lusia vichwa vyote, na mikia ndiyo iliyobaki, na kwenye mkia ndiko hapana ya Kiswahili inakolala. Lusia hakuwa amepoteza lugha. Alikuwa amebaki na kipande chake cha mwisho, kipande chenye kazi, anakisema kila siku kwa nguvu zake zote, na mumewe, mtu wa lugha sita, akaja akaweka mpango juu yake.

Akakaa kitandani. Kitanda kikalia.

"Mama Elias," alisema. Aliongea Kiswahili cha kawaida, mikono ameiweka mapajani asije akagonga kitu. "Ulitaka kuja huku Mpanda?"

Lusia alimwangalia. "Ki."

"Yule mkandaji. Ulikuwa unataka?"

"Kii."

"Nywele zako?"

Aliinua mkono wa kushoto akaupitisha kichwani, akaushusha.

Celestin aliuliza kila kitu alasiri ile, kimoja kimoja, kwa sababu akiacha kimoja angebaki hakijui. Karanga. Redio ya mahubiri aliyomwekea karibu na sikio. Kulala upande wa ukutani. Ki, ki, ki. Majirani waliokuwa wanaletwa kuoneshwa Kilusia. Kii. Kila jibu lilikuwa fupi na la wazi, hakuna mtoto ambaye asingelielewa. Gaudensia alirudi na wali akamlisha dada yake, na Lusia akala wote, na punje moja iliyobaki kwenye kidevu Gaudensia akaiokota akampa.

"Turudi Usevya?" Celestin aliuliza mwisho.

"Ka," alisema Lusia. "Ka. Kaka. Ka."

Mara hii hakuhitaji mtu wa kumtafsiria, na hiyo ndiyo furaha pekee aliyoipata katika kazi ile yote. Alikwenda kumtafuta Maiko, mwenye Noah, wakapatana safari. Maiko alikuwa na abiria wa harusi kwanza. Akasema akitoka huko ndiyo atawachukua. Walingoja. Gaudensia alimtoa Lusia uani kila asubuhi akae juani, na Celestin alikaa naye, akawa anauliza mambo madogo madogo. Jua kali? Ki. Nikusogeze? Ka. Alikuwa kama bwana harusi mzee. Alifikiri kwamba muda upo, si mwingi, lakini wa kutosha kuuliza yale makubwa.

Muda haukuwepo. Kiharusi cha pili kilikuja uani palepale, mchana, Zena anaanika vitenge. Lusia hakuanguka, kwa kuwa alikuwa ameegemea. Kichwa tu ndicho kilichoshuka. Hospitalini walimpima, wakamvuta Celestin pembeni, wakamwambia mpelekeni nyumbani akapumzike na watu wake. Ulimi uliporudi safari hii ulirudi na sauti moja.

Ki.

Anaguswa, ki. Anapewa maji, ki, na anayanywa. Mlango unafunguliwa, ki. Akiwa peke yake, anatazama juu, ki. Ka ilikuwa imekwenda yalikokwenda mengine.

Maiko alikuja na Noah yake, wakamlaza Lusia kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Gaudensia, miguu kwenye mapaja ya Celestin. Zena alilia akampa kitenge kipya. Walipita Magamba, wakaacha lami ya mji nyuma, na barabara ikawaingiza porini. Sitalike walisimama kidogo Maiko amimine maji kwenye rejeta. Chini ya daraja viboko walikuwa wamejazana kwenye tope lililobaki, mgongo juu ya mgongo, wanakoroma.

"Fungeni vioo," Maiko alisema akirudi. "Mbele hapa kuna mbung'o, wanauma hawa, hawaangalii mgonjwa."

Wakafunga. Ndani kukawa na joto. Celestin aliushika mguu wa mkewe, ule uliokuwa unakandwa. Alikuwa amelibeba neno lile tangu alasiri ya uji, akiliahirisha, akingoja wafike, akingoja apate nafuu. Sasa akaliona halitafika Usevya.

"Mama Elias. Unanisamehe?"

Lusia alikuwa anatazama paa la gari. Macho yalishuka taratibu yakamkuta.

"Ki," alisema.

Gari lilikuwa linatembea. Celestin alisubiri kama kuna kingine kinachofuata. Aliutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umelala juu ya kitenge cha Zena, kiganja kimefunguka. Kiganja kilichofunguka ni kulala, yeye mwenyewe ndiye aliyeweka hivyo, au ulikuwa ni mkono tu. Kama ki ile ilikuwa ya Lusia, basi amemjibu. Kama ilikuwa ya Kilusia, basi pia amemjibu. Maana alijifunza, hakuna wa kumwambia hakujifunza; siku ile aligonga vidole viwili mwenyewe, akasema maji, akanywa, akamwangalia. Na kama haikuwa ya huku wala ya kule, ilikuwa ni pumzi inayopita kwenye meno.

"Shemeji," alisema. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Amesemaje?"

Gaudensia alikuwa anampepea dada yake kwa upande wa khanga, kichwa ameinamisha.

"Usiniulize mimi, shemeji," alisema. "Hiyo lugha umeitunga wewe."

Mbung'o mmoja alikuwa amebaki ndani. Alitua kwenye kioo, akaruka, akatua kwenye kichwa cha Lusia, pale nywele zilipoanza kuchipua. Celestin alimfukuza kwa mkono. Akarudi. Akamfukuza tena.

"Nikuondolee?" alimuuliza mkewe.

"Ki," alisema Lusia.

Mkono wa Celestin ukabaki hewani, haujui ushuke au usishuke.